Mkono Niliouona Buffalo

Siku yangu ya kwanza kutangaza mpira niliondolewa kitini kabla ya mapumziko. Nalisema mapema ili ninyi vijana mnaoingia kazi hii na simu moja na mdomo mwingi msidhani nilizaliwa nikitangaza. Ilikuwa Louisville, kwenye kiwanja cha nyuma ya shule, nyasi zimekauka kwa jua la Julai. Redio yetu ya mtandaoni wakati huo ilikuwa meza ya kukunja, kompyuta iliyopata homa kila joto lilipozidi, na Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa Uvira, mfupi, mwenye koti la suti majira yote ya mwaka. Siku za kazi alipanga mizigo ghalani kama wengine, lakini Jumamosi hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina. Mimi nilikuwa Mkenya wa Bungoma, nimekuja kusomea uuguzi, na nilijikimu kwa kutunza wazee kwenye nyumba yao ya malezi. Alinisikia siku moja pembeni mwa uwanja nikimgombeza beki wa watu kana kwamba ni mdogo wangu, akaniambia sauti kama hiyo kuiacha ipotee hewani ni dhambi.

Basi nikaketi, nikavishwa visikizio, nikaanza. Huyu anampa yule, yule anarudisha pale, jameni, amekosa! Niliona nimepatia kweli kweli. Mkurugenzi alivumilia, akavumilia, kisha akanivua visikizio kwa mikono yake mwenyewe.

“Huyu ni nani? Pale ni wapi?” akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Kivu. “Batu habaone, mama.”

Watu hawaoni. Akanieleza kwamba anayenisikiliza yuko ghalani na kisikizio kimoja sikioni, amekificha msimamizi asikione. Mwingine anaendesha lori, mwingine anamgeuza mgonjwa kitandani. Wote hao wameniazima mimi niwe macho yao. Akanifundisha kile tulichokiita kusoma uwanja: kwanza unasema mpira uko wapi, pili uko kwa nani, tatu unaelekea lango gani, na sifa zako zote zinasubiri hayo yaishe. Nilikaa wiki nyingi nikisoma uwanja jikoni kwangu. Mume wangu akibeba sahani nilimtangaza, mpaka akaanza kulia chakula sebuleni.

Baadaye tulihamia Columbus, mume wangu alipopata kazi kule, tukapanga apatimenti Reynoldsburg. Redio nayo ilikuwa imefungua tawi huko, chini ya Mhariri wa Michezo. Huyu alikuwa Mkenya mwenzangu, mtafiti wa mimea pale chuo kikuu, aliyeongea polepole kana kwamba ana chaki mkononi. Alikuwa mkali. Mtangazaji akija na jezi ya timu yoyote, hata soksi tu, alirudishwa nyumbani. Kabla ya mechi ulitakiwa uende benchi la kila timu, umuulize kila mchezaji akutajie jina lake kwa kinywa chake, maana kijana akisikia jina la babu yake limevunjwavunjwa redioni, hata akifunga goli hafurahi.

Tena alikuwa na sheria ya vipindi. Nchi mbili zikikutana, kipindi cha kwanza kinatangazwa na mtu wa huku, cha pili na mtu wa kule, asije mtu akasema tumependelea. Na pembeni ya meza palikuwa na kiti kitupu tulichokiita kiti cha mgeni. Shabiki mmoja wa timu ambayo haikuwa na mtangazaji wake alikaribishwa pale aseme neno.

Sheria hizo hazikuzuka tu. Palikuwa na mshambuliaji mmoja wa Reynoldsburg, mtoto wa Warundi, aliyezichezea timu zetu karibu zote. Mtangazaji mmoja wetu, kijana huyo akifunga, alimwita kijana wetu wa Columbus, akikosa akamwita yule Mrundi. Baba yake alikuja mezani, akasimama. Alituangalia tu mpaka tukaona haya. Kuanzia siku hiyo Mhariri akaandika sheria zake, na mimi nikazishika kuliko yeye mwenyewe, kama mtakavyoona.

Sasa niwapeleke Buffalo.

Mashindano ya kiangazi mwaka ule yalikuwa yakiandaliwa na klabu ya Waayalandi, wajukuu na vitukuu vya watu waliokuja zamani kufanya kazi bandarini na kwenye zimamoto. Wengi wao hawajawahi kufika Ayalandi, lakini uwaambie wao si Waayalandi, utakiona cha mtema kuni. Fainali iliwakutanisha wao na vijana wa Kivu, wana wa wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki waliokulia mji ule. Kipindi cha kwanza kilitangazwa na Pascal, Mkongomani kijana, mwepesi wa maneno. Cha pili kilikuwa changu, kwa kuwa Waayalandi hawakuwa na mtangazaji wa Kiswahili, nami sikuwa wa upande wowote.

Kiti cha mgeni alikikalia Mzee Brendan, zimamoto mstaafu, uso mwekundu kwa jua na kwa ubishi. Hakujua Kiswahili hata salamu. Wakati wa mapumziko alinieleza kwamba kwenye klabu yao hawagombani kuhusu mpira, wanagombana kuhusu anayeutangaza. Watangazaji wanaowasikia kwenye televisheni wengi ni wa nchi jirani iliyowatawala. Mchezaji wa Ayalandi akishinda, wale jamaa wanasema ni wetu sote. Akishindwa, ghafla ni Mwayalandi. Na wenyewe kwa wenyewe wanabishana: aliyezaliwa Amerika na bibi yake tu ndiye wa kule, huyo ana haki ya kuvaa jezi ya taifa? Nilicheka hadi machozi. Nikamwambia kule kwetu Reynoldsburg yuko baba mmoja Mrundi ambaye angemkumbatia.

Jambo moja mlijue ndipo mwelewe yaliyofuata. Mkurugenzi alikuwa amefunga spika kubwa kando ya uwanja, kwa sababu kina mama wa kanisani walilalamika kwamba simu zinawaishia chaji. Kwa hiyo kila neno nililosema kwenye maikrofoni lilisikika uwanja mzima. Waliojua Kiswahili walilielewa. Refa na Waayalandi walilisikia tu kama ngoma ya jirani.

Timu zilikuwa sare, goli moja kwa moja, na mechi ilikuwa inaelekea ukingoni. Krosi ikatoka kulia. Espoir, mshambuliaji wa Kivu, kijana mrefu mwenye miguu ya swala, akaruka pamoja na kipa. Mpira ukaingia wavuni, refa akaonyesha kati, Wakongomani wakalipuka. Na mimi nilikuwa nimeuona. Mkono wa kushoto, juu ya kichwa, wazi kama mchana.

Hakuna aliyenipa muda wa kufikiri. Mtu akikuazima macho, unasema kilichoko mbele ya macho. Nikasema, “Goli. Hapana, wasikilizaji, huo ulikuwa mkono. Espoir ameusukuma kwa mkono wa kushoto. Refa hakuona, amekubali.”

Spika zikalirusha neno hilo. Shangwe za Wakongomani zikafa vipande vipande, hapa mmoja kanyamaza, pale mwingine kashusha bendera. Waayalandi wakashangaa: hawa watu wamefunga, mbona hawashangilii tena? Mzee Brendan akaniuliza kuna nini, nikamwomba asubiri. Kwenye visikizio vyangu Mkurugenzi alikuwa akinong'ona kwa ukali kwamba niliache jambo hilo, bon, basi, niendelee na mechi.

Niliendelea. Kazi ni kusema kinachoonekana, nami niliona mama mmoja wa kitenge cha manjano akisimama kwenye kiti cha mbele. Alikuwa Mama Espoir, mfanyakazi wa chumba cha kufulia nguo cha hospitali, mtu wa sauti ndogo ambaye sijawahi kumsikia akiita mtu kwa mbali. Siku hiyo aliita.

“Espoir! Ulipiga na mukono?”

Sasa ninyi mnaojibu mama zenu kwa Kiingereza huku mnaangalia simu hamtaelewa uzito wake. Kijana wa Kivu anaweza kumdanganya refa, anaweza hata kumdanganya mchungaji. Lakini mama yake akimuuliza mbele ya watu, amesimama, na watu wote wamenyamaza, hapo hapana njia. Espoir alisimama kati ya wenzake waliokuwa wakimvuta jezi anyamaze. Akasema, “Ndiyo, mama.” Kisha akatembea mpaka kwa refa, akainua mkono wa kushoto, akaupiga kwa wa kulia.

Refa akalifuta goli. Mechi ikaenda kwenye penati, Kivu wakapoteza, na Waayalandi wakabeba kombe lao wakiwa kama watu waliokabidhiwa mtoto wa wenyewe.

Simu zilianza kabla hatujakunja meza. Mkenya ametuuza. Angekuwa Mkenya mwenzake angefumba macho. Kwa nini Pascal hakupewa kipindi cha pili, Pascal angejua la kufanya. Mtu mmoja niliyemchangia arusi ya binti yake aliniambia nirudi kwetu nikatangaze mbio. Sikulia pale. Nililia kwenye gari, barabara nzima mpaka Columbus, na mume wangu akaendesha bila kuwasha redio.

Jumatatu Mkurugenzi akapiga simu. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumfikirie hivyo. Alikuwa ameijenga redio ile kwa mikono yake, na aliona nusu ya wasikilizaji wake wanaondoka. Alinitaka Jumamosi inayofuata niseme hewani kwamba jua lilinipiga machoni, kwamba sikuona vizuri, naomba radhi. Neno dogo tu, yaishe.

“Mama Nafula,” akasema, “weye uko jicho. Hauko filimbi.”

Nikamwambia amesema kweli kabisa, mimi si filimbi, sikulifuta goli lile wala sikuwa na uwezo huo. Lakini ni jicho. Na jicho likisema leo kwamba halikuona kilichoonwa, kesho likisema limeona nani ataliamini? Magoli yote niliyowahi kutangaza yatakuwa hadithi tu. Kuomba radhi kwa sauti kali, nitaomba. Kwa kuona, ng'o.

Nilimpigia Mhariri wa Michezo, yule mwenye sheria, nikidhani nina mgongo wa kuegemea. Akaniambia, polepole na chaki yake, kwamba anaelewa pande zote mbili. Tangu hapo najua kwamba msomi akikwambia anaelewa pande zote mbili, hatakubebea hata upande mmoja.

Basi nikaondolewa kwenye mpira. Nikapewa kusoma matangazo ya vifo, harusi na watoto waliozaliwa. Niliyasoma kwa heshima, maana hata marehemu anastahili jina lake litajwe sawasawa. Lakini Jumamosi zilinila. Mume wangu alinikuta mara moja nimesimama dirishani Reynoldsburg, nawatangaza watoto wa jirani waliokuwa wakipiga mpira kwenye maegesho, kwa sauti ya chini, nikitaja mpira uko wapi na uko kwa nani. Alinishika bega, akaenda zake.

Kilichonikosesha usingizi, hata hivyo, hakikuwa kiti. Kilikuwa yule kijana. Nilisikia vijana wenzake wanamwita Mtakatifu kwa dhihaka, na kwamba ameacha kwenda mazoezini. Nikajiuliza kama neno langu limemvunja mtoto wa watu. Kwa hiyo siku moja tulipokwenda Buffalo kuzika, nilimwomba mume wangu anipitishe kwa Mama Espoir. Niligonga mlango nikiwa nimejiandaa kutukanwa.

Alinikaribisha, akaniwekea bugali na sombe, ndiyo ugali na kisamvu, akanitazama nikila. Nikaanza maneno yangu ya kujieleza. Akanikatiza.

“Weye ulisema. Mi niliuliza. Yeye alijibu,” akasema. “Kila mutu alifanya kazi yake. Kula, mama.”

Nikala. Sijawahi kuambiwa jambo lililonitua mzigo kama hilo, na mpaka leo nikionja sombe roho inatulia.

Kiangazi kilichofuata Espoir alirudi uwanjani, na wenzake, wale wale waliomvuta jezi, wakamchagua kapteni. Alimpelekea Mkurugenzi ujumbe kwamba Kivu hawataingia uwanjani kama kipindi cha pili hakisomwi na Mama Nafula. Huko kwa Waayalandi, Mzee Brendan aliniambia baadaye, walibishana majira yote ya baridi. Nusu walisema yule kijana ni mpumbavu, kombe ni kombe. Nusu walisema wao wenyewe wamewahi kuumizwa na mkono wa mtu kwenye mpira wa taifa lao na wangetoa nini apatikane hata mmoja wa kusema ndiyo. Walikubaliana jambo moja tu: siku za mashindano waweke matangazo yetu kwenye klabu yao, ya Kiswahili, yasiyoeleweka kwa yeyote kati yao. Walidai wanapenda kusikiliza mtu asiyewadanganya.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, ndani ya koti lake. Hakuomba radhi. Alikunywa chai, akaulizia watoto, akasifia mapazia, kisha akasema maikrofoni imepoa. Nikamwambia tutaipasha. Mambo yakaisha hivyo, kama yanavyoisha kati ya watu wazima wanaojuana.

Nilitangaza miaka mingine mizuri. Nimewasoma vijana wa Kenya wakipigwa na Watanzania, nikataja kila goli kwa jina kamili la mfungaji huku moyo unanichoma. Louisville, Columbus, Buffalo, kila kiwanja nilikijua mashimo yake. Pascal akawa mwenzangu wa kudumu, nikamgombeza kwa upendo. Alikuwa na ugonjwa ule ule niliokuwa nao siku ya kwanza: pale, huyu, yule.

Mechi yangu ya mwisho sikuijua kuwa ya mwisho. Fainali tena, Buffalo tena, Kivu na Waayalandi. Nilikuwa nimebadilisha miwani mara kadhaa, daktari akisema mtoto wa jicho, mimi nikisema vumbi. Kipindi cha pili shuti likagonga mwamba, likadunda kwenye mstari, kipa akalikumbatia. Limevuka? Halijavuka? Refa akasita na filimbi mdomoni.

Ndipo nilipoona jambo ambalo sijaliona tena. Uwanja mzima uligeuka. Waayalandi waligeuka, Wakongomani waligeuka, Espoir, sasa baba wa mtoto, akageuka na mikono kiunoni. Hawakumwangalia refa. Waliziangalia spika, kisha wakaiangalia meza yetu, wakaniangalia mimi.

Pascal alininong'oneza kwamba limeingia. Pascal ni mkweli, na pengine lilikuwa limeingia. Lakini macho waliyokuwa wameniazima hayakuwa ya Pascal. Mimi nilikuwa nimeona weupe unaosogea kwenye kijani, basi.

“Wasikilizaji,” nikasema, “sikuona.”

Sauti ikazunguka uwanja ikanirudia. Sikuona. Neno lile lile nililoombwa siku ile ya Jumatatu nikalikataa, sasa nimelitoa bure, kwa kuwa sasa lilikuwa kweli. Hakuna aliyepiga kelele. Refa aliamua peke yake, kama alivyoajiriwa kufanya, na watu wakakubali. Mzee Brendan aliniuliza nimesema nini. Nilipomwambia, alivua kofia yake na kuiweka magotini. Nami nikavua visikizio, nikamvisha Pascal, nikamwambia soma uwanja, mwanangu.

Siku hizi niko Reynoldsburg, Jumamosi yangu ni kiti cha sebuleni na kisikizio kimoja. Wajukuu huniuliza kwa Kiingereza nani anashinda, nawajibu kwa Kiswahili wasubiri. Wengine huja kuniuliza kama mtangazaji ana taifa. Ninalo, nalipenda, nalililia likifungwa. Lakini nikikaa kwenye meza ile taifa langu ni yule aliye ghalani na kisikizio alichokificha, ambaye hana njia ya kujua kama namdanganya.

Macho yameshafungwa karibu yote. Televisheni kwangu ni mwanga tu. Nazijua mechi kwa jinsi Pascal anavyozisema, na anazisema vizuri, mpaka aone shuti kali akajisahau. Wiki iliyopita alianza tena, huyu anampa yule, yule anapiga pale. Nikangoja mapumziko, nikamwomba mjukuu anibofyee namba, nikampigia.

“Pascal,” nikamwambia, “pale ni wapi? Batu habaone.”

 Akasema, “Samahani, mama,” na kipindi cha pili akanionyesha uwanja wote.